Mnyoosha Migongo

Sura ya Saba

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa maneno matatu tu. Kitinda alimwambia baba yake kwamba mchumba atakayemleta nyumbani Jumapili ni daktari wa mifupa, akanyamaza hapo hapo kabla ulimi haujamponza.

Alijua fika baba yake angeelewa nini: mtu mwenye kisu, chumba cha upasuaji na wauguzi wa kumpangusa jasho. Alijua fika vilevile kwamba mwanamume aliyemnyima usingizi mwaka mzima hajawahi kushika kisu zaidi ya kile cha kupaka siagi. Alikuwa tabibu wa kiropraktiki, mtu anayetibu maumivu ya mgongo, shingo na viungo kwa mikono yake miwili. Wagonjwa wake walimwita Tabibu, na hawakumwita hivyo kwa kumpaka mafuta. Lakini katika nyumba ya akina Kitinda kazi ile haikuwahi kutajwa bila mtu kuangua kicheko, na tuseme ukweli, Kitinda mwenyewe alikuwa miongoni mwa wachekaji hodari.

Ilikuwa nyumba ya watu wanaojiona. Baba alikuwa daktari bingwa wa kupasua mifupa, amestaafu miaka mitatu, na hakuna aliyemwita Baba tena isipokuwa Kitinda, tena akiwa na shida. Wengine wote walimwita Bingwa, hata dada yake wa tumbo moja. Kaka alikuwa daktari wa usingizi, na maringo yake yalikuwa ya mtu ambaye wagonjwa wake hawajawahi kumjibu. Kitinda, kitindamimba wa nyumba, alipiga picha za eksirei katika hospitali kuu, na alijiona mdogo kwa wenzake wa nyumbani, ndiyo maana huko nje alijiona mkubwa kwa kila mtu. Shangazi hakusoma udaktari. Yeye alikaa tu nao siku nyingi, akachukua dharau bila ya shahada.

Kwenye meza ya sebuleni, juu ya magazeti, Bingwa aliweka kiungo cha nyonga cha chuma alichomtoa mgonjwa zamani, kizuie karatasi zisipeperuke. Mgeni akikiuliza, anapewa hadithi yake yote. Asipokiuliza, anahesabiwa kuwa mshamba.

Tabibu alifika saa tisa kamili, shati limenyooka, viatu vinang'aa. Kitinda alipomfungulia mlango, moyo ulimruka kama siku ya kwanza. Alimpenda yule mtu, jamani. Alipenda mabega yake yaliyotulia, na namna alivyomsikiliza mtu hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

"Umependeza," alimnong'oneza.

"Wewe unatetemeka," Tabibu akasema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ingia tu. Na usiongee sana."

Angemweleza pale pale mlangoni, mambo yangekuwa mengine. Lakini hakumweleza.

"Shikamoo, mzee," Tabibu alisalimu.

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo." Bingwa alimwonyesha kiti kilichotazama dirisha, jua limpige usoni. "Kitinda anasema wewe ni mwenzetu. Unapasulia hospitali gani?"

Tabibu akageuza macho, akamtazama Kitinda mara moja tu. Kitinda akayakimbiza yake ndani ya kikombe cha chai. Lile jicho halikuwa na hasira. Lilikuwa jicho la mtu aliyekanyagwa na rafiki, anayesubiri kuona kama ilikuwa bahati mbaya.

"Sipasui, mzee," akasema polepole. "Nadhani Kitinda ameniongezea cheo. Mimi ni tabibu wa kiropraktiki."

Kijiko cha Shangazi kikagonga sahani.

"Ndio watu gani hao?" akauliza.

"Wavunja shingo, Shangazi," Kaka akadakia, uso umechangamka kama aliyeletewa zawadi. "Wale wanaomlaza mtu kitandani, wanamkamata kichwa, wanamgeuza kah! Mtu anaambiwa amepona, analipa, anaondoka akiwa amepinda upande wa pili."

Shangazi akacheka hadi akashika kifua. Bingwa hakucheka. Alijiegemeza kwenye kiti, akakunja uso kidogo kwa maumivu aliyodhani hakuna anayeyaona, kisha akavaa sura yake ya mtihani, ile iliyowahi kuliza wanafunzi wenye ndevu.

"Unaandika dawa?"

"Hapana, mzee."

"Unalaza wagonjwa?"

"Hapana."

"Hupasui, umeshasema. Basi hata kinyozi wangu ni daktari. Naye ananishika shingo, na nywele ananikata."

"Kinyozi wako hajasoma miaka mitano, mzee."

"Mitano! Mnasoma nini miaka mitano? Kusugua?"

Mwingine angeinuka. Tabibu aliweka kikombe chini, akaanza kueleza kama anavyomweleza mgonjwa mpya, bila haraka na bila kujipiga kifua.

"Tunasoma mwili, kama nyinyi. Mifupa, misuli, neva, kusoma picha. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kila pingili ina viungo vyake vya kusogelea. Kiungo kimoja kikikaza, labda kwa kukaa vibaya kazini au kwa kubeba vizito, misuli ya jirani nayo inakaza ili ikilinde. Hapo ndipo mtu anashindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Mimi nakitafuta kiungo hicho kwa vidole, nikikipata nakisukuma kidogo, kwa haraka na kwa kipimo. Halafu namfundisha mtu mazoezi, na namna ya kukaa na kunyanyua mizigo, asirudi kwangu kila wiki."

"Na ile kah!?" Kaka akauliza.

"Ile si mfupa. Ni hewa ndani ya kiungo."

"Hewa!" Bingwa akapiga paja. "Nimesomesha mtoto aje kuolewa na hewa."

Sasa wote wakacheka, na katika kicheko kile ilikuwamo sauti nyembamba ya Kitinda. Aliisikia mwenyewe ikimtoka. Hakujua alicheka kwa nini, ila katika sebule ile asiyecheka ndiye anayechekwa, na alikuwa ameshaijua hesabu hiyo tangu utotoni.

"Wapo wenzangu wanaodanganya watu," Tabibu akaendelea, sauti ile ile. "Wanasema wakinyoosha shingo watatibu kisukari na pumu. Hao wananiudhi mimi kuliko wanavyokuudhi wewe, mzee. Kazi yangu ni mgongo, shingo na viungo. Kisichokuwa changu nakipeleka kwa mwenyewe. Nusu ya masomo yetu ni kumjua mtu ambaye hatakiwi kuguswa."

"Maneno matamu," Bingwa akasema. "Basi tuone. Mgongo unaniuma, mwezi wa nne huu. Zulia hili hapa. Ninyooshe."

"Baba..." Kitinda akaanza.

"Nyamaza wewe, uliyeniletea daktari wa mifupa. Kijana, ninyooshe. Nikiinuka mzima nitakuita daktari mbele ya watu wote hawa. Nisipoinuka mzima, utanywa chai yako uende zako."

Kaka alikuwa ameshatoa simu, anatafuta pembe nzuri ya kurekodi. Shangazi akasogeza meza. Bingwa mwenyewe akaanza kuvua koti kwa madaha ya mcheza ngoma, na alipopitisha mkono wa pili alisimama kidogo, midomo imekauka. Aliyeona ni mmoja tu.

"Nina maswali kwanza," Tabibu akasema. "Ukilala, maumivu yanapungua?"

"Unanitahini kwa mtihani niliotunga mimi?"

"Yanapungua au hayapungui, mzee?"

"Hayapungui," akasema, kama anayetema kokwa.

Palikuwa na madaktari wawili na mpiga picha mmoja mle ndani, ukimhesabu Bingwa na mwanawe. Mtu anaumwa mgongo miezi minne, analala haupoi, na hakuna aliyelisikia jibu lile. Walikuwa wameziba masikio kwa kungoja mgongo ulie. Tabibu peke yake ndiye aliyebadilika uso.

"Naomba tukamalizie maswali chumba kingine," akasema. "Sisi wawili."

"Anaona haya!" Shangazi akapiga vigelegele.

Wakaingia maktaba ya Bingwa, mlango ukafungwa. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Chai ikapoa. Kaka akasema labda kah! imegoma kutoka. Shangazi akasema labda anasomewa kiganja. Wakamgeukia Kitinda, kwa sababu zamu ilikuwa yake, nao walikuwa wamemtolea macho ya kumpima yuko upande gani.

"Labda anamkanda miguu," Kitinda akasema. "Ndicho anachokiweza zaidi."

Waliangua kicheko kikubwa kuliko vyote, na mlango ulikuwa umeshafunguka. Tabibu alisimama pale, mkono kwenye kitasa. Alikuwa amesikia kila neno.

"Sitamgusa mzee," akasema.

"Ameufyata!" Kaka akapaza sauti.

Bingwa alitoka nyuma yake, mikono mifukoni, kidevu juu. "Kijana ameniuliza maswali ya chekechea," akatangaza, "halafu ameshindwa kazi. Nilijua. Mkanda viuno ni mkanda viuno tu, hata ukimvalisha koti."

Kitinda alimtazama mchumba wake, akamwomba kwa macho aseme lolote, ajitetee, agombe hata. Tabibu alimwinamia Bingwa kwa heshima, akaaga. Basi. Mwanamume mzima, anatukanwa na mkwe, anaaga.

Kitinda alimfuata hadi getini, damu inamchemka.

"Ungemnyoosha tu!" akamwambia. "Hata kwa kujifanya! Ungemgusagusa mabega, ungesema tayari, wangekosa la kusema."

"Sijifanyi na mgongo wa mtu."

"Ulimuogopa."

"Ndiyo," Tabibu akasema. "Niliogopa sana."

Kitinda akasonya. Alikuwa na msonyo mrefu, urithi wa shangazi yake. "Na unakiri! Huna hata aibu ya kukana! Unajua umenifedhehesha kiasi gani?"

"Mimi ndiye niliyekufedhehesha? Nani amewaambia mimi napasua watu?"

"Nilikupa heshima usiyokuwa nayo!"

Neno likatoka, na halikuwa la kurudishwa. Tabibu alilipokea, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa akilitafuta jibu siku nyingi na sasa amelipata, wala si zuri.

"Mwaka mzima," akasema, "nilikuwa najiuliza kwa nini hunitembezi kwa marafiki zako. Kwa nini ukija kliniki unapitia mlango wa nyuma. Nikajiambia labda una haya. Kumbe haya yenyewe ni mimi."

"Usigeuze maneno. Mlizungumza nini mle ndani?"

"Muulize baba yako."

"Nakuuliza wewe! Mimi ni mchumba wako."

"Na yeye ni mgonjwa wangu tangu aliponijibu swali la kwanza. Yake ni yake. Muulize leo, Kitinda, usingoje kesho. Tafadhali."

"Baba hana cha kuniambia. Alichosema kimenitosha. Wewe ni mkanda viuno."

Akashika pete ya uchumba. Alitaka kuivua kwa mkupuo na kuitupa, kama wanavyofanya watu wenye hasira safi, lakini kidole kilikuwa kimevimba kwa joto na pete ikakwama kwenye kifundo. Akavuta. Akavuta tena, machozi yanamlenga, uso umemuiva. Hata hasira yake ilikuwa inachekesha sasa.

"Lete," Tabibu akasema.

Alimshika mkono. Vidole vile vilikuwa vya moto na vikavu, na havikuwa na kinyongo chochote. Alikikunja kidole kidogo, akakisukuma nyuma kwa gumba lake hadi ngozi ikalegea.

"Legeza," akanong'ona. "Usishindane nayo."

Kitinda akalegeza. Pete ikateleza ikatoka bila kumuumiza hata chembe, Tabibu akaifunga kiganjani mwake, akafungua geti, akaenda. Kitinda alibaki amesimama na kidole kitupu, na alichokitamani wakati ule ni kile kidole kiendelee kushikwa. Alijichukia kwa kukitamani. Akarudi ndani, wakampigia makofi.

Hakumuuliza baba yake. Jumapili hakumuuliza, wala Jumatatu, wala Jumanne. Alikuwa na shughuli ya kujihurumia.

Jumatano asubuhi, kabla foleni haijajaa, mlango wa pembeni wa chumba cha eksirei ukasukumwa. Aliingia Bingwa, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, yeye ambaye katika hospitali ile alizoea kutembea katikati ya ukumbi na watu wakampisha.

"Funga mlango," akasema. "Nipige picha ya mgongo wa chini. Ya mbele na ya ubavu. Kaka yako asijue."

"Baba, lazima nipate fomu ya..."

Akampa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kitinda aliujua mwandiko kabla ya kuyajua maneno. Barua ilikuwa fupi, ya tabibu kwa mpiga picha, kama zilivyo barua zote za namna ile: maumivu ya miezi minne yasiyopoa kwa kulala, jasho jingi kitandani, mwili umepungua, mkanda umeongezwa matundu mawili, anaruka akigongwa kidogo kwenye pingili moja. *Sijamnyoosha. Naomba apigwe picha kabla mtu yeyote hajamgusa mgongo.*

Chini ilikuwa tarehe ya Jumapili.

Kitinda akaikunja tena barua. Alimlaza baba yake mezani, akamsogeza mahali pake, akaenda nyuma ya kioo. "Vuta pumzi. Ishike." Maneno aliyoyasema mara elfu kwa watu asiowajua. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, Bingwa alikuwa ameshashuka, yuko nyuma yake, shati halijafungwa vifungo. Walitazama wote. Kazi ya Kitinda ilikuwa kupiga, kusoma ni kwa wengine, lakini miaka kumi mbele ya kioo kile ilimtosha.

"Pingili ya tatu," Bingwa akasema. Sauti yake ilikuwa ya kazini. "Upande wote wa mbele umeliwa. Tutatoa kipande tujue ni nini. Nadhani ni cha kutibika, bado ni mapema." Kidole kikagusa kioo. "Angenisukuma hapa, ingepondeka. Nisingeinuka kwenye lile zulia. Nisingetembea tena."

"Na wewe ulimwambia akusukume."

"Nilimwambia."

"Na tulikuwa tunarekodi."

Bingwa akafunga vifungo, kimoja baada ya kingine, akakosea kimoja. "Kaka yako nitamwambia nimejigundua mwenyewe. Yule kijana mpe habari alisoma sawa, ni haki yake kujua. Lakini asikanyage tena nyumbani kwangu."

"Kwa nini, Baba?"

"Nyumba imejaa madaktari, na aliyenipima ni mkanda viuno. Nitamtazamaje?"

Kitinda alimwangalia mtu huyu aliyemwogopa na kumwabudu miaka thelathini na mbili, na kwa mara ya kwanza dharau yote aliyofundishwa ikamgeukia mwalimu wake.

"Kwa macho, Baba," akasema. "Utamtazama kwa macho, kama watu wengine wanavyotazamana. Miezi minne umevumilia maumivu, na ufunguo wa chumba hiki ninao mimi! Kwa nini hukuniambia?"

"Mngenicheka."

Alilisema bila kupandisha mabega, bila mbwembwe. Kisha akaketi kwenye ukingo wa meza ya eksirei, mzee mwenye shati lililofungwa vibaya.

"Nimewalea hivyo," akasema. "Nyumbani kwetu anayeumwa ni kichekesho. Hata mama yenu aliumwa kimya kimya. Yule kijana aliniuliza kama napata usingizi, akanyamaza, akangoja nijibu. Nikamjibu. Sijui kwa nini nilimjibu."

Kitinda alijua kwa nini. Akamfungua kile kifungo kilichokosewa, akamfunga upya.

Kliniki ya Tabibu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Siku hiyo Kitinda alipita mlango wa mbele. Kwenye benchi walikuwa wameketi dereva wa lori mwenye mto mgongoni, fundi cherehani aliyeinama kwa miaka ya kuinamia nguo, na mama mmoja aliyeshika shingo kama anaogopa itaanguka. Mfano wa uti wa mgongo wa plastiki ulining'inia ukutani. Hakuna aliyekuwa akicheka.

Tabibu alitoka kumsindikiza mgonjwa, akamwona. Uso ulimng'aa kidogo, halafu akauzima kwa makusudi, na Kitinda aliuona wote uzimaji ule.

"Ingia," akasema. Akafunga mlango, akabaki amesimama ng'ambo ya kitanda cha kunyooshea. "Amepigwa picha?"

"Leo asubuhi. Kasema nikwambie ulisoma sawa. Ni pingili ya tatu. Anasema ni mapema."

Tabibu akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Tangu Jumapili alikuwa na mgongo wa mtu kichwani. "Alhamdulillahi," akasema. "Siku tatu sijala vizuri. Nimempigia simu mara nne, anakata."

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza."

"Sikumuuliza." Kitinda akashika ukingo wa kitanda. "Nisamehe. Ulikuwa unamlinda, na sisi tulikuwa tunakucheka. Mimi nilikucheka. Ulitukanwa ukanyamaza, ungeweza kutunyamazisha sote kwa neno moja. Nimekuja kukwambia kwamba wewe ni bora kuliko sisi wote mle ndani."

Alidhani atamwona akilainika. Aliyaandaa maneno yale njia nzima.

"Nikuulize kitu," Tabibu akasema. "Unijibu kweli. Picha ingekuwa safi, mgongo mzima hauna kitu, mimi nimejiogopea bure. Leo ungekuja?"

Palikuwa na jibu tamu, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kitinda alikuwa fundi wa majibu hayo. Lakini alimtazama mtu aliyengoja kimya asikie hadi mwisho, akashindwa.

"Nisingekuja," akasema. "Ningekuwa nyumbani bado nakucheka."

Nje, dereva wa lori alikohoa. Tabibu alitikisa kichwa mara moja. Maumivu yalimpita usoni, wala hakuyaficha.

"Asante kwa kutonidanganya," akasema. "Basi ujue kilichokuleta ni picha. Na mimi siwezi kuishi na mtu ambaye kila akitaka kuniheshimu atahitaji kwanza kuniona nimeshinda. Ziko siku nitakosea. Siku hizo nitarudi nyumbani kwa nani?"

Kitinda akaachia ukingo wa kitanda. Akafungua mlango, akapita mbele ya benchi, akashuka ngazi hadi chini.

Kwenye dirisha la duka la viatu aliiona sura yake, imevimba macho. Ujumbe wa Bingwa alikuwa ameshaufikisha. Msamaha ameshauomba. Hapakuwa na barua tena, wala picha, wala habari yoyote ya kumpa sababu ya kupanda ngazi zile, na pamoja na hayo miguu yake haikutaka kwenda kwingine popote. Alimtaka yule mtu. Kama kesho angekosea mbele ya mji mzima, angemtaka vilevile, na angewakata jicho wote watakaocheka, akianza na Shangazi. Alishtuka kuona lilivyokuwa jambo rahisi. Akageuka, akapanda.

"Umesahau kitu, dada?" dada wa mapokezi aliuliza.

"Hapana."

"Una miadi?"

"Sina."

Mlango wa ndani ukafunguka. Tabibu alikuwa anamwita fundi cherehani, akamwona, jina la mtu likakatikia mdomoni.

"Nimeshausikia ujumbe wa mzee," akasema.

"Sikuleta ujumbe."

"Umeleta nini sasa?"

"Sina kitu," Kitinda akasema, kwa sauti iliyosikiwa na benchi zima. "Nimekuja kwako tu."

Tabibu alimtazama muda mrefu, hadi fundi cherehani akaanza kujinyoosha mwenyewe asimame.

"Kaa," akasema hatimaye. "Wako watatu mbele yako."

Mama mwenye shingo akajisogeza, na Kitinda akakaa foleni.